Gari Juu ya Kinu

Nilitoka kisimani na ndoo kichwani, nikamkuta baba mdogo Badru amepiga goti kando ya gari la marehemu baba, anazungusha jeki. Mwanawe Huseni alikuwa amesimama nyuma yake na wili spana mkononi. Jirani yetu Amri, mwenye bodaboda, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anatafuna muwa, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita na maji yako."

Sikupita. Nilitua ndoo palepale njiani.

"Gari lina nini?"

"Halina kitu. Tunalivua viatu."

Sikuhitaji maelezo. Kwetu huku Mtunda, mtu mwenye gari akifariki, ndugu zake wa kiume hufungua tairi zote na kuziweka nyumbani kwa mmoja wao mpaka arobaini, siku ya kugawana mirathi. Wanasema ni kulinda haki ya kila mtu, maana gari lisilotembea haliuzwi kwa siri wala haliazimwi likaharibiwa. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Alituacha mimi na dada yangu Maimuna, kwa hiyo baba mdogo ana fungu lake kwa sheria ya dini, na mimi fungu hilo sikulipinga hata siku moja.

Nilichokuwa nakitetea kilikuwa ndani, kimelala ubavu juu ya mkeka. Maimuna alikuwa na mimba iliyotimia. Mwaka jana, wakati wa masika, uchungu ulimshika Maimuna wakati baba yuko Utete na gari. Walimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati, mama nyuma akimshikilia, na barabara yote tope. Alijifungua kando ya njia kabla hawajafika hospitali Kibiti. Mtoto alikuwa wa kike na hakulia. Safari hii mumewe, Abdulaziz, anayefanya kazi Nyamisati, alimleta nyumbani kwetu mapema kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ndiyo iliyokuwa inanyanyuliwa na jeki mbele ya macho yangu.

"Ba'mdogo," nikasema, nikijitahidi sauti isipande, "Maimuna anaweza kushikwa na uchungu leo, anaweza kushikwa kesho. Tuachie gari mpaka ajifungue. Baada ya hapo vua viatu, vua na kanzu."

"Kila mtu atakuwa na sababu. Leo Maimuna, kesho mtu anataka kupeleka mkaa. Gari lina warithi hili."

"Basi ufunguo kaa nao wewe. Uchungu ukija nitakuja kukugongea mlango."

"Ufunguo unachongwa, mwanangu. Tairi halichongwi."

Amri alitema makapi ya muwa. "Hapo umepigwa bao, Shahada!" Ndivyo alivyoniita tangu niliporudi kutoka chuo. "Halafu hofu ya nini? Si nipo mimi? Pikipiki yangu haichagui abiria."

Nilimgeukia. "Amri, rudia."

"Nini?"

"Rudia hilo ulilosema. Ingia ndani ukalirudie mbele ya Maimuna."

Alishusha macho kwenye muwa wake.

Sasa ndipo nilipolitazama lile jeki vizuri, na hasira yangu ikapata mlango mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na uwanja wetu ni udongo mweusi unaolainika kama ugali. Jeki lilikuwa limewekwa juu ya udongo mtupu. Kila baba mdogo alipozungusha mara kadhaa, gari lilipanda kidogo, na jeki nalo lilizama kidogo. Handibreki haikuvutwa. Nililiona hilo kupitia dirishani. Hapakuwa na jiwe wala tofali nyuma ya tairi hata moja, na uwanja wetu unateremka kuelekea kwenye mikorosho. Nati zilikuwa bado zimekaza. Waliamua kulinyanyua kwanza ndipo wafungue, kwa hiyo tairi la mbele lilipoachana na ardhi, Huseni alianza kukanyaga wili spana kwa mguu, na gari zima likawa linatikisika kwa kila teke.

"Shusheni hilo gari," nikasema.

"Nimeshakuambia habari ya warithi."

"Sizungumzii warithi! Nati zinalegezwa gari likiwa chini. Jeki linawekewa ubao. Handibreki inavutwa. Tairi zinawekewa mawe. Baba alikuwa anafanya hivyo hapahapa, kila mara, nami nikimshikia nati."

"Marehemu kaka yangu alikuwa mwoga wa gari," alisema baba mdogo bila kugeuka. "Na wewe ulisomea nini huko Dodoma?"

Alijua nilichosomea. "Maendeleo ya jamii."

"Basi ngoja tukimaliza utuendeleze."

Huseni alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Huseni si mtu mbaya. Tumelelewa naye kama ndugu, tumevua perege pamoja. Lakini ni mtu wa kumtii baba yake kabla hajafikiri, hata sasa ambapo ni mtu mzima mwenye ndevu.

Tairi la kwanza lilitoka. Baba mdogo alinyoosha mkono pembeni, akavuta kitu nilichokuwa sijakiona. Kilikuwa kinu cha mama. Alikipindua mdomo chini na kukisukuma kando ya jeki, chini ya mbavu za gari.

Hili nalo ni la kwetu. Sijawahi kuliona mahali pengine. Watu wananyanyua gari na kuliegemeza juu ya kinu, kwa hoja moja ambayo baba mdogo aliitoa sasa kwa sauti ya mtu anayefundisha: "Kinu kinapigwa mchi miaka ishirini hakivunjiki. Gari ni nini?"

Lakini kinu hupigwa kikiwa kimesimama, na mchi unaishia kwenye kitako kinene cha mti mzima kilichokaa chini. Ukikipindua, uzito wote unashukia kwenye ule mdomo mwembamba, uliolika kwa miaka, na chini ya mdomo huo kuna tope. Nilisema hivyo. Nilisema kwa kelele. Sauti nyingine ikanijibu kutoka dirishani, kali kuliko yangu.

"Badru! Hicho kinu changu!"

Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki nje mbele ya wanaume, lakini hakuna eda iliyomkataza kupaza sauti.

"Shemeji, tunakiazima tu."

"Mimi nilikuja nacho kutoka kwetu Dimani! Hakimo kwenye mirathi! Nitatwangia nini, kichwa chako?"

"Tutakirudisha, shemeji. Tulia."

"Kina ufa hicho! Hajira, mwambie kina ufa!"

"Kina ufa, ba'mdogo."

"Wanawake wa nyumba hii," alisema, akaanza kushusha jeki.

Gari lilikaa juu ya kinu. Kinu kililia kidogo, kikazama kidogo, kikatulia. Baba mdogo alifungua mikono akanitazama. "Unaona?" Kisha akalisimamisha lile tairi na kuanza kulibingirisha kuelekea kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na haraka ya kuliweka ndani kabla sijapata hila. "Huseni, hamishia jeki upande wa pili. Nakuja."

Nataka niseme ukweli wa hasira ile. Kwa kitambo kidogo nilitamani gari lianguke. Nilitamani liangukie hapo tupu, lipasue kinu, limwaibishe. Sikutamani zaidi ya hapo.

Huseni aliinama kuchomoa jeki. Nati moja, ambayo alikuwa ameiweka juu ya tope badala ya kuiweka ndani ya kifuniko cha rimu, aliigonga kwa goti, ikabingirika chini ya gari.

"Iache," nikasema.

"Ipo hapo tu, dada. Naiona."

"Iache, Huseni! Tutaitoa kwa fimbo."

Alikuwa ameshalala kifudifudi, mkono umeingia, kisha bega, kisha kichwa. Nikaona tairi la nyuma linasogea. Lilizunguka taratibu mno, kama mtu anayegeuka usingizini, kuelekea kwenye mikorosho.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nilimshika Huseni vifundo vya miguu yote miwili nikavuta, na Amri, nimpe haki yake, aliruka kutoka kwenye pikipiki akashika mguu mmoja. Tulimburuta na shati likapanda mpaka kwapani. Kinu kikapasuka kwa mlio kama wa gogo linalopasuliwa kwa shoka. Gari lilianguka. Diski ya breki ilizama ardhini pale ilipokuwa shingo yake Huseni.

Dirishani mama alikuwa anasema jina la Mungu, tena na tena. Huseni alikaa kwenye tope akishika shingo yake kwa mikono miwili, kana kwamba anaipima kama ipo. Mkononi bado alikuwa na ile nati.

Baba mdogo alirudi anakimbia, kofia imemdondoka. Alimpapasa mwanawe kichwa, mabega, mbavu. Alipomwona mzima alisimama wima, akapumua, akasema: "Alhamdulillahi. Kadari ya Mungu. Mungu amenusuru."

Ningeweza kukaa kimya. Wengi wangenisifu kwa adabu.

"Mungu amenusuru, ndiyo," nikasema. "Lakini kinu hakukiweka Mungu, umekiweka wewe. Handibreki uliiacha wewe. Nimekuambia, mama amekuambia, mwanao angekufa hapa saa hii, halafu ungekaa kwenye jamvi watu wakupe pole, useme kadari."

"Hajira, chunga ulimi. Mimi ni baba yako."

"Baba yangu alikuwa anavuta handibreki!"

Amri alijikuna kisogo na kutazama pembeni. Baba mdogo midomo ilimcheza. Nilidhani atanipiga, na nadhani yeye pia alidhani hivyo. Badala yake aliokota kofia yake, akaikung'uta.

"Litakaa hivyohivyo lilivyo," alisema. "Likikosa mguu mmoja au minne, yote sawa. Haliendi popote mpaka arobaini." Akaondoka kuelekea msikitini, ingawa adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Maimuna alikuwa ametoka mlangoni, mkono kiunoni, amesikia kishindo. Alilitazama gari lililolala bega moja kwenye tope. Alipitisha ulimi kwenye midomo, akarudi ndani akishika ukuta. Kule kushika ukuta ndiko kulikonipeleka mbio nyumbani kwa baba mdogo.

Mke wake, mama mdogo Muzdalifa, alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Tairi lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma yake, bado lina tope letu.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimekuja kuchukua tairi."

"Marahaba. Baba yako mdogo amesema lisitoke."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja kulichukua."

Alipeta ungo, akapuliza makapi. "Hajira, mimi ni mke wa watu. Usiniingize katikati. Kelele nimezisikia hapa, nikajua ni ninyi na mama yenu kama kawaida. Kitu gani kilichopiga vile?"

Nilielewa hajui. Mumewe alipita hapo mlangoni kwake na hakumwambia. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini kwa mwanamke huyu sikuweza kuitoa hivyo ilivyokuja. Nilichuchumaa mbele yake, nikashika ukingo wa ungo.

"Mama mdogo, Huseni ni mzima. Sikiliza hilo kwanza. Ni mzima, amekaa kwetu."

Mikono yake ilisimama.

"Alikuwa chini ya gari lilipoanguka. Tumemvuta miguu, mimi na Amri."

"Kichwa kilikuwa wapi?"

Nilishika shingo yangu. Ungo ulimteleza na mchele ukamwagika wote mchangani. Aliinuka, akauruka mchele wake bila kuutazama, akalishika lile tairi kwa mikono miwili na kulisukuma. Lilitaka kumlalia, nikalishika upande wa pili.

"Mama mdogo, nitalibingirisha mwenyewe. Ba'mdogo akirudi..."

"Akirudi atanikuta kwenu," alisema. "Nimezaa mmoja tu, tena kwa kisu. Aje anieleze yeye tairi hili lina thamani gani."

Tulilibingirisha pamoja mbele ya macho ya nyumba zote. Huseni alipomwona mama yake alianza kusema "sijaumia, mama, sijaumia," na mama mdogo alimzaba kofi moja la nguvu, kisha akamkumbatia na matope yake yote. Halafu akaingia ndani kwa Maimuna na mama, na sikumwona tena mpaka tulipomaliza.

"Nisaidie, Huseni," nikasema.

"Chini siingii tena, dada."

"Hakuna mtu anayeingia chini. Hata kidole. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nilivuta handibreki nikasikia meno yake yote, nikatia gia. Huseni na Amri walileta matofali, tukayabana mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Amri alifanya hayo bila kuambiwa mara mbili na bila kuniita Shahada. Jeki halikuwa na nafasi ya kupita, gari lilikuwa limelala mno, kwa hiyo tulichimba kwa jembe pembeni, pale penye sehemu ngumu ya chesisi iliyotengenezewa jeki, tukatoa udongo mlaini mpaka tukafika kwenye mgumu. Tukalaza ubao mpana wa mninga uliobaki baba alipotengeneza mlango. Juu ya ubao, jeki.

Nilizungusha taratibu. Hasira inataka kuzungusha haraka. Nilikuwa naizuia mkononi. Kila gari lilipopanda kidogo nilisimama, nikatazama kama jeki linainama, nikatazama matofali, kisha nikaendelea. Lilipopata nafasi ya kutosha tulisukuma kwa mti spea tairi, lililotoboka zamani na lisilofaa tena barabarani, likalala chini ya mbavu za gari, ili jeki likisaliti, gari liangukie mpira na lisifike chini.

"Kwa hiyo baba angeweza kuweka hilohilo tairi alilolitoa," alisema Huseni. "Palepale. Badala ya kinu."

"Angeweza."

"Lakini alilikimbiza nyumbani."

Nilimwacha alisage mwenyewe.

Diski ilikuwa imejaa tope, tukaiosha kwa ile ndoo yangu ya kisimani na kuitazama. Ilikuwa imekwaruzwa tu, haikupinda. Tuliinua tairi, mimi kushoto yeye kulia, vidole pembeni na si chini, likaingia kwenye bolti zake. Nati tulizifunga kwa mkono kwanza, moja na ile inayoikabili. Kisha tukavuta spea tairi nje, nikashusha jeki mpaka gari likakanyaga ardhi lenyewe, na hapo ndipo Huseni alipozikaza kwa spana, kwa uzito wake wote. Gari halikutikisika.

Baba alinizoesha kwamba tairi likifunguliwa, unaenda kidogo kisha unasimama kukaza nati tena. Niliwasha. Huseni alikaa kando yangu. Tuliondoka polepole, nikisikiliza kila mlio, mpaka karibu na msikiti, nikasimama kando ya njia na kushuka na spana.

Baba mdogo alikuwa amekaa barazani mwa msikiti, peke yake. Aliliona gari. Alinyanyuka, akavaa ndara. Nilikaza nati ya kwanza, nikaenda ya pili, na vivuli vya miguu yake vikafika pembeni yangu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Yalikuwa mengi na mabaya, na nilikuwa nimeshika chuma.

Alinipita. Alikwenda upande wa Huseni, akashika ukingo wa dirisha. Huseni alitazama mbele.

"Shingo inauma?" aliuliza.

"Muulize mama," alisema Huseni. "Yuko kwa kina Hajira. Amesema harudi nyumbani leo."

Baba mdogo alibaki ameshika dirisha. Nilimaliza nati ya mwisho, nikasimama. Aliitazama spana, akalitazama tairi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona jinsi anavyofanana na baba sehemu ya machoni. Jambo hilo nalo liliniudhi.

"Arobaini iko palepale," alisema.

"Iko palepale, ba'mdogo. Sijawahi kuikataa."

Aliachia dirisha. "Mkirudi, usiliingize uwanjani uso mbele. Pana tope, litakusumbua kugeuza akishikwa ghafla. Liingize kinyumenyume. Uso uangalie barabara."

Sikumshukuru. Sikumsamehe pia, bado nilikuwa naiona ile diski ilivyozama. Niliingia kwenye gari nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikageuza.

Tulipofika nyumbani nililiingiza kinyumenyume.